Wangesoma wapi

Leo siku ya nne, na swali la Baba Mdogo bado linanizunguka kichwani. Wiki yenyewe imekuwa na makubwa yake: mkataba wangu ofisini umeongezwa mwaka mzima, Dada kajifungua salama mtoto wa kike. Lakini nikilaza kichwa tu narudi Poissy, mji wa kando ya Paris, Alhamisi ile, na sauti yake naisikia upya.

Mnajua ni tangu lini nimekuwa nikimwahidi kumpeleka Villa Savoye, nyumba maarufu ya pale. Tulipita getini, tukafuata njia ya miti, na nyumba ikajitokeza mara moja: sanduku jeupe juu ya nguzo nyembamba, madirisha yameungana kama utepe kutoka kona hadi kona. Nilimwonyesha ukuta wa chini ulivyopindwa kufuata mzunguko wa gari, ili dereva apite chini ya nyumba, ashushe watu mlangoni, aendelee hadi gereji. Baba Mdogo aliupapasa ule upinde kwa kiganja, polepole, asiseme neno. Moyo wangu ulijaa. Nikajiona nimempa kitu.

Kisha nikaanza kusimulia.

Nilimwambia kwamba msanifu majengo Le Corbusier na binamu yake Pierre Jeanneret waliimaliza mwaka 1931, kwenye uwanda wa hekta 7, na kwamba ilikusudiwa ikae juu ya majani bila kusumbua kitu chochote. Nikamwambia kwamba mwaka 1958 mji uliitwaa ardhi ile, na mwaka uliofuata ukawepo mpango wa kuibomoa nyumba ipatikane nafasi ya shule. Nadhani nilipandisha sauti. "Waibomoe, Baba Mdogo! Hii hapa!"

Akauliza, "Na shule wakaijenga wapi?"

"Hapa hapa, kwenye uwanda wake. Ile pale, nyuma ya miti. Wameipa hata jina la Le Corbusier."

"Basi watoto walisoma."

"Walisoma, ndiyo, lakini nyumba imebanwa, huoni tena..."

"Mwanangu," akanikatiza, kwa ile sauti yake ya darasani. "Wangesoma wapi?"

Hakuwa anabishana. Alitaka kujua, na ndilo lililonichoma. Ni mtu aliyezeeka na chaki mkononi, na mimi nilisimama pale nimefumba mdomo kama mwanafunzi ambaye hakufanya zoezi.

Tangu hapo nimemjibu mara mia. Kwenye treni nimemjibu kwamba wasanifu majengo wa nchi nyingi walipaza sauti, mpaka André Malraux, waziri wa utamaduni, akaiokoa. Nikiosha vyombo nimemjibu kwa sheria: Ufaransa mwaka 1943 iliweka ulinzi wa mita 500 kuzunguka kila jengo lililosajiliwa kuwa la kihistoria, ila hii ilisajiliwa 1965, mwaka aliofariki Le Corbusier, na ardhi ilikuwa imeshatwaliwa zamani. Usiku nimemjibu kwa lile tundu la ukutani juu ya paa, mwisho wa mteremko unaopanda ndani ya nyumba toka chini hadi juu, lililokatwa makusudi ili mtu aione nchi iliyo mbele kana kwamba imetiwa kwenye fremu. Tuliposimama hapo tuliona matawi tu, na nyuma yake tukasikia wanafunzi wakipigiana kelele.

Majibu yote hayo yanaitetea nyumba. Hakuna hata moja linalomgusa mtoto.

Jana nikarudia barua za Bi. Savoye, mwenye nyumba. Miaka yote nimezipita haraka haraka, kama maneno ya mtu asiyeelewa sanaa. Mwaka 1936 analalamika kwamba mvua inaingia ukumbini, inaingia kwenye mteremko, na ukuta wa gereji umelowa chepechepe. Mwaka uliofuata anasema wazi kwamba nyumba haikaliki. Safari hii nilisoma taratibu, nikamwona mama wa watu amesimama na ndoo. Naye alikuwa anauliza akae wapi.

Halafu nikakumbuka kwamba Poissy ni mji wa kiwanda cha magari. Nyumba ilipindwa kufuata gari, magari yakaleta wafanyakazi, na wafanyakazi wana watoto. Sijui kwa nini wazo hili lilinituliza, lakini nililala.

Shule ilistahili kujengwa. Nalisema sasa bila kinyongo. Ila ungeachwa wazi hata upande mmoja tu, ule wa bonde la Seine, kabla mtu hajachukua rula. Hilo ningelimjibu, nami ningesimamia neno langu.

Tena nina deni. Mnajua kazi yangu ni kuchora ghorofa za vitongoji. Mwezi uliopita nilikosa pa kuweka banda la mapipa ya taka, nikalisogeza hadi mpakani, likaenea vizuri. Leo asubuhi nimeifungua ile ramani. Ng'ambo ya mpaka kuna nyumba ndogo ya jirani, na kwenye ukuta wake kuna vistari viwili vifupi. Lile ni dirisha. Nimeweka taka mbele ya dirisha la mtu. Jumatatu naomba kulihamisha, hata kama tutapoteza nafasi ya gari moja.

Baba Mdogo amelala. Alhamisi alisimama mara mbili kwenye ule mteremko, na mteremko wenyewe ni wa taratibu. Alisema anaangalia mwanga, nikamwamini. Sasa hivi nimeingia jikoni kunywa maji, nikakuta kiboksi chake cha dawa za presha juu ya meza. Vidonge vya Ijumaa vimo. Vya Jumamosi navyo vimo.