Vile nilielewa London, si vile niliambiwa

Uliza mtu yeyote pale kwa kinyozi wetu Umoja ucheze nini kwa chess ukiwa na vipande vyeupe, utaambiwa London, ule mpangilio wa kuanzia gemu, "panga tu buda, haijalishi jamaa anafanya nini". Pawni d4 (herufi na namba ni jina la mraba wa ubao), askofu f4, e3, c3, farasi f3, ni kama unapanga nyanya kibandani. Huo ushauri umenikulia soda nyingi sana na soda ya siku hizi si bei ya kuchezea.

Sasa kuna jamaa wa boda hapo, si mtu wa maneno mingi. Akajibu d5, c5, farasi zote mbili nje, halafu malkia b6 anamezea mate pawni yangu ya b2. Mimi nikaweka malkia b3, vile niliambiwa. Akasukuma c4, nikarudi c2. Mazee, akachukua askofu wake akamweka f5, pale pale mbele ya malkia wangu, bure kabisa, halafu akaanza kuscroll simu. Nani angeacha hiyo? Nikala. Malkia wake akashuka b2 na ngome yangu ya a1 haina pa kutokea juu farasi wa b1 bado amekaa hapo kando yake. Kinyozi alizima mashine ndio acheke vizuri.

Kumbe dawa ni farasi wa b1 atoke mapema aende d2, yule wa f3 angoje kwanza. Jaribu mambo ni yale yale, askofu f5, unamla, malkia akiingia b2 ngome inasonga tu d1. Ataongeza pawni ya c3 sawa, lakini hizo ni pawni mbili na wewe umebaki na askofu mzima. Wa boda aliirudia wiki iliyofuata, nikala bila kufikiria mara mbili, nikasogeza ngome, akaangalia ubao weee, simu ikarudi mfukoni.

Na wale wa kusema London ni ya wavivu, Ding Liren alimpiga Nepomniachtchi nayo gemu ya sita wakigombania ubingwa wa dunia 2023, sijui pia yeye alikuwa mvivu.

Kingine, ukiona farasi wake anaelekea h5 na hujasukuma h3, askofu wako wa f4 anawindwa. Sukuma mapema apate h2 ya kujificha.