Mwenzio kasomea

"Utaangalia nini, Mama Salma? Mwenzio kasomea."

Mzee, bosi wangu wa studio, hakusema kwa ubaya siku ile ya Jumatatu. Alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha nyuma, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, na sauti yake ilikuwa ileile anayotumia kuniambia nifunge dirisha mvua inakuja. Ndiyo maana imeniingia. Angefoka, ningesema kachoka, ingepita.

Wiki hii Salma ameanza kidato cha kwanza, mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kiume, na Baba Salma yuko njiani kwenda Arusha. Mambo ya kushukuru yote hayo. Lakini nikilala nasikia tu: mwenzio kasomea.

Kazi yangu pale studio ni kaseti za video. Harusi za zamani za studio ziko kwenye MiniDV, kaseti ndogo za kamera, na ukungu umeshaanza kuzitafuna. Joto la Tanga na unyevu wa bahari havina huruma na utepe. Naziingiza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Kaseti ya saa nzima inatoa faili la karibu GB 13, na mafaili yote yanatakiwa yakae kwenye eksteno, yaani diski ya nje, iliyochomekwa kwenye ruta, kile kifaa cha mtandao, ndani ya kabati la chuma, ili mimi na mwenzangu wa meza ya pili tuyafikie wote.

Sasa, kila nikirusha faili, linakwenda vizuri, likifika GB 4 linakata. Ujumbe unasema nafasi haitoshi, na diski zaidi ya nusu ni tupu. Mzee akamwita kijana wa kompyuta. Kijana akajaribu faili moja, likakata, akachomoa waya, akatamka: "Diski imekufa, Mzee. Nunueni nyingine."

Nikasema, "Mzee, naomba niiangalie kwanza."

Hapo ndipo nilipojibiwa.

Nimeyarudia yale mazungumzo nikiosha vyombo, nikiwa kwenye bajaji, hata nikisuka nywele za Salma. Ningesema nini zaidi? Ningesema, Mzee, diski iliyokufa ingewezaje kufungua picha zote za harusi zilizomo? Ningesema, kama inakata palepale kwa kila faili, basi kuna kitu kinaizuia, na hicho kitu kinaweza kujulikana. Nilinyamaza kwa sababu kijana alikuwa amesimama pale, na sikutaka aaibike mbele yangu. Mimi nilipoaibika mbele yake, nani alifikiria?

Walipokwenda kuswali adhuhuri nilifungua kabati, nikaichomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta yangu, nikabonyeza sifa zake. FAT32. Basi. Ule ni mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, na faili moja ndani yake haliwezi kufika GB 4, hata diski iwe na ukubwa wa ghala. Mafaili ya simu na picha yanaingia bila tabu, ndiyo maana miaka yote hakuna aliyegundua. Nikahamishia vilivyomo kwenye kompyuta, nikahakikisha vinafunguka, kisha nikaifomati diski, yaani nikaifuta na kuipanga upya, kwa NTFS, mpangilio usio na kikomo hicho, maana kijitabu cha ruta kinasema inausoma. Nikairudisha diski kwenye ruta.

Faili la kwanza likavuka GB 4. Nilikuwa peke yangu chumbani na nilipiga kigelegele.

Halafu likakata GB 9. Safari hii nilisogeza sikio kwenye kabati nikasikia diski inafanya "tik", inazima, inawaka tena. Hilo ni suala la umeme. Tundu la USB 2.0 la ile ruta linatoa miliampia 500, na diski ya aina hii ikianza kuzunguka, au ikiandika kwa muda mrefu, inadai zaidi. Diski inakosa nguvu, inajizima, na kompyuta inaona mtandao umekatika. Tuna habu ya USB, kile kifaa cha kuongeza matundu, yenye adapta yake ya umeme, ilikuwa imelala kwenye droo ya taa za studio. Nikaipitishia diski hapo. "Tik" haikusikika tena.

Bado nilikuwa natumia Wi-Fi, MB 3 kwa sekunde, zaidi ya saa nzima kwa kaseti moja, na mtu akipita na simu yake inashuka. Nikavuta waya wa mtandao hadi mezani kwangu. Matundu ya ruta yetu ni ya megabiti 100, kwa hiyo sikutarajia makubwa. Nilipata MB 11 kwa sekunde, na kaseti inaingia kwa dakika kama 20. Mwishoni nikalinganisha SHA-256, ile alama ndefu inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, ya faili la mezani na la kabatini. Herufi kwa herufi, sawa.

Niliyoanza nayo ni ile harusi ya Chumbageni ya mwaka 2006, ya yule mama aliyefiwa na mumewe na anayesubiri video kwa ajili ya watoto. Nikaifungua kutoka kabatini nione kama inacheza hadi mwisho. Bwana harusi ameshika kofia yake kwa mkono mmoja kwa sababu ya upepo, anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera, anamwambia, "Usinichukue mimi, mchukue mke wangu." Nikairudisha nyuma, nikaitazama tena. Uchungu wote wa wiki ulinitoka pale. Watoto wake watamsikia akisema hivyo.

Mzee aliporudi alikuta mafaili yanaingia. "Aa, imekubali," akasema, akampigia kijana kumshukuru. Niliisikia ile simu yote. Imenigusa kidogo, si kama Jumatatu. Kesho nitamweleza Mzee kwa utaratibu jinsi ilivyokuwa, maana zikinunuliwa diski nyingine zitachomekwa palepale na zinaweza kukata vilevile. Yule mama nimeshampigia, amelia, ameniombea dua ndefu.

Kinachonikosesha usingizi leo ni Salma. Nimepitia madaftari yake, yote ameandika kwa kunakili ya jirani yake. Anasema ubao una mwanga wa dirisha. Lakini jana alishindwa kusoma namba ya daladala hadi ikatufikia miguuni, na mama yangu alianza hivyohivyo kabla jicho la kushoto halijaharibika. Jumamosi nitampeleka akapimwe, kama Baba Salma atakuwa ametuma hela.