Nilivyochagua hedifoni zisizo na waya kwa bajeti ya kati

Kazi yangu ni kuyageuza mahojiano yaliyorekodiwa kuwa maandishi. Nasikiliza sentensi, nasimamisha, naandika, narudi nyuma, nasikiliza tena. Hedifoni ndiyo chombo changu cha kazi, na huwa kichwani karibu siku nzima. Nilipoamua kuachana na waya nilikuwa na fedha za kati: hazikutosha kununua zile za daraja la juu, lakini hazikuwa chache kiasi cha kunilazimisha kuchukua chochote kilichopo. Kwenye kiwango hicho uchaguzi ni mgumu, kwa sababu ukisoma maboksi yote yanasema mamoja: inapunguza kelele, betri inadumu, besi nzito, Bluetooth mpya.

Kwa hiyo niliyaweka maboksi kando nikaanza na kichwa changu. Navaa miwani, na hapo ndipo nilipoanzia kuchuja.

Hedifoni ya kufunika sikio inategemea kuziba. Pedi ikikaa sawasawa pande zote, besi inabaki ndani, na sehemu ya kelele za nje inazuiliwa hata kabla hujawasha kitu. Ikipata upenyo, besi ndiyo ya kwanza kupotea. Mkono wa miwani ukipita chini ya pedi huacha upenyo mdogo pale kwenye panja. Kipimo changu kilikuwa hiki: navaa hedifoni juu ya miwani, nawasha wimbo wenye besi ninaoufahamu vizuri, kisha naichomoa miwani taratibu bila kuigusa hedifoni. Kama besi inajaa ghafla miwani inapotoka, pedi hiyo ni ngumu mno kwangu, naiacha. Pedi nene na laini huuzunguka mkono wa miwani na kuziba pengo. Ile ngumu huukandamiza kwenye fuvu, na ukikaa nayo kidogo panja linaanza kuuma. Kwa dakika mbili za kujaribu dukani hutalisikia hilo, ndiyo maana sikuona haya kuomba nikae nazo kichwani muda mrefu huku nikiendelea kuuliza maswali mengine.

Uzito nao niliupa nafasi kubwa. Sony WH-CH720N, iliyotoka mwaka 2023, ina gramu 192. WH-1000XM4 ya mwaka 2020, kutoka kampuni hiyohiyo lakini ya daraja la juu, ina gramu 254. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo, ila utosi na shingo vinaijua vizuri ikifika jioni. Hapo ndipo ile ya kwanza ilipoanza kunivutia.

Kuhusu kupunguza kelele, ni vizuri kujua kinachofanyika ndani. Vipaza sauti vidogo hunasa kelele ya nje, kisha hedifoni hutengeneza wimbi lililo kinyume chake ili mawili hayo yafutane. Mbinu hii inafaa sana kwa mngurumo mzito usiobadilika, kama wa feni, kiyoyozi, injini ya basi au ya ndege. Kwa watu wanaozungumza karibu yako, mlio wa vyombo au mtoto anayelia, haifui dafu kiasi hicho, kwa sababu sauti hizo hubadilika haraka na ziko juu zaidi. Mimi adui yangu ni feni inayozunguka mchana kutwa, kwa hiyo mfumo wa kawaida ulinitosha. Anayesumbuliwa na mazungumzo ya ofisini namshauri aangalie kwanza pedi inayoziba vizuri, kuliko kulipia zaidi kwa sababu ya maneno ya tangazo.

Nilijaribu kila moja kwa rekodi ya mtu anayeongea, wala si kwa muziki peke yake. Watengenezaji wengi hupandisha besi ili hedifoni ivutie mara tu unapoivaa. Kwenye wimbo inapendeza. Kwenye mahojiano, besi iliyozidi hufunika herufi: «s», «f» na «sh» ziko kwenye masafa ya juu, na zikififia unaanza kukisia kama msemaji amesema «sisi» au «fisi». Nilibeba kwenye simu kipande cha mzee mmoja mwenye sauti nzito na meno machache, rekodi iliyokuwa imenitoa jasho. Hedifoni iliyonipa maneno yake bila kunilazimisha kuongeza sauti ndiyo niliyoiweka kwenye orodha. Nilipendelea pia zenye programu ya kurekebisha sauti, maana kushusha besi kidogo kunasaidia sana.

Habari ya kodeki, yaani mbinu ya kubana sauti ili ipite kwenye Bluetooth, sikuipa muda mrefu. SBC ipo kwenye kila hedifoni ya Bluetooth inayopiga muziki. AAC ndiyo inayotumiwa na iPhone. LDAC ya Sony inaweza kufika kilobiti 990 kwa sekunde, lakini iPhone haiitumii, hivyo mwenye simu hiyo asiilipie. Kwa rekodi za sauti za watu zilizochukuliwa kwa simu, sikuona faida yoyote ya kuongeza fedha hapo.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni la kipaza sauti. Bluetooth ina njia moja ya muziki na nyingine ya mazungumzo. Ukifungua kipaza sauti cha hedifoni ili kuingia kwenye kikao cha mtandaoni, hedifoni nyingi huhamia njia ya mazungumzo, na hapo sauti unayosikia inashuka papo hapo. Njia ya zamani huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 kwa sekunde, iliyoboreshwa 16,000, ilhali CD ina 44,100. Ndiyo maana kila kitu kinaanza kusikika kama kinatoka ndani ya mtungi. Hedifoni yako haijaharibika. Kwenye kompyuta, ingia mipangilio ya sauti, chagua kipaza sauti cha kompyuta yenyewe kwa kuongea, na uiache hedifoni kwa kusikiliza tu. Mfumo mpya unaoitwa LE Audio, wenye kodeki ya LC3, unakusudia kuondoa tatizo hilo, lakini lazima hedifoni na kifaa chako vyote viwe nao.

Vitu viwili vingine sikukubali kuvikosa. Cha kwanza ni tundu la waya la milimita 3.5. Sauti ya Bluetooth huchelewa kidogo, na mtu anayesimamisha na kurudisha rekodi kila baada ya sentensi anausikia ucheleweshaji huo. Kukiwa na kazi nyingi nachomeka waya, kisha nauchomoa nikitaka kutembeatembea. Cha pili ni kuunganisha vifaa viwili kwa wakati mmoja, ili simu ikiita nikiwa kwenye kompyuta nipokee bila kuanza kuunganisha upya.

Mwisho wa mchujo nilichukua ile ya gramu 192. Betri yake hukaa hadi saa 35 ikiwa inapunguza kelele, nami sihitaji zaidi ya hapo. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba sasa nasikiliza kwa sauti ya chini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa kazi kama yangu saa hizo zinafika upesi. Zamani feni ikinguruma nilikuwa napandisha sauti kuishinda. Siku hizi mngurumo unapungua, na sauti ya msemaji inabaki pale pale chini.

Kabla ya kulipa niliulizia pedi za akiba. Ngozi bandia hubabuka kwa jasho hata kama betri na spika bado ni nzima, na hedifoni ambayo pedi zake hazipatikani unaweza kulazimika kuitupa kwa sababu ya kipande cha sponji. Za modeli yangu zinauzwa na watengenezaji mbalimbali. Nikimaliza kazi nazipangusa za sasa kwa kitambaa kikavu, naziacha zipate hewa, ndipo nazihifadhi.