Brown baba na Brown mwana

Leo nimeingia jengo la bunge la California, Sacramento, nikatazama picha za magavana wa zamani. Ya Jerry Brown imenishika. Rangi zinaruka, mistari imechorwa kwa haraka, haifanani kabisa na za wenzake.

Baba yake, Pat, aliongoza jimbo hilo 1959 hadi 1967. Mwana akaapishwa 1975 akiwa na miaka 36, akakataa jumba jipya la gavana, akapanga fleti na kulalia godoro sakafuni. Akatoka 1983.

Ninachomheshimia hasa ni kukubali baadaye umeya wa Oakland (wangapi wangekubali kushuka hivyo?), kisha uanasheria mkuu wa jimbo. Akarudi ugavana 2011, akakuta nakisi ya mabilioni ya dola. Mwaka 2012 akawaomba wapiga kura waongeze kodi, na wakakubali!