Manufaa ya wote huanzia kwenye uchaguzi wa wanachama

Jumuiya nyingi za wanazuoni hutamka katika katiba zao kwamba elimu yao ni kwa manufaa ya watu wote. Ninaposoma tamko kama hilo, hutafuta kwanza kifungu kinachoeleza namna mwanachama mpya anavyopatikana, kwa sababu jumuiya inayochagua watu wanaofanana haiwezi kujua mahitaji ya wale isiowahi kuwasikiliza.

Mwaka 1902 Hertha Ayrton, mhandisi na mwanahisabati aliyechunguza kwa kina tao la umeme lililotumika katika taa za wakati huo, alipendekezwa kujiunga na Royal Society ya London, ambayo ilianzishwa mwaka 1660. Wanasheria walishauri kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuchaguliwa, na pendekezo likaishia hapo. Mwaka 1904 alisoma utafiti wake mwenyewe mbele ya jumuiya hiyohiyo, na mwaka 1906 ikamtunuku Nishani ya Hughes, lakini uanachama hakuupata kamwe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alibuni pepeo la kuondoa gesi ya sumu kwenye mahandaki ya askari, kazi ambayo, kwa maoni yangu, ni mfano halisi wa elimu kuwatumikia watu. Wanawake wa kwanza, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, walichaguliwa mwaka 1945. Kule Paris, mwanasayansi Marie Curie alikosa kura za kutosha kujiunga na Akademia ya Sayansi ya Ufaransa mwaka 1911, mwaka uleule alipopata Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Siku hizi ni nadra kukuta sheria inayomtaja mtu wa kuzuiwa, na kwa hiyo kizuizi ni kigumu zaidi kukiona. Ikiwa jina jipya lazima lipendekezwe na wanachama waliopo, nao hupendekeza wale wanaowafahamu kutoka maabara na vyuo vyao, basi mtafiti hodari anayefanya kazi mbali na vituo hivyo atapitwa mwaka baada ya mwaka bila yeyote kumkataa. Dawa yake ninaiona katika kamati yenye jukumu la kutafuta majina nje ya mduara huo, na katika kuchapisha kila mwaka takwimu za waliopendekezwa, si za waliochaguliwa peke yao. Ada nayo ipimwe kwa kipato.

Jambo linalonisumbua zaidi ni majarida. Jumuiya nyingi huyategemea kwa mapato, na baadhi, zilipotaka wasomaji wayapate bure, zilihamishia gharama kwa waandishi. Msomaji akafunguliwa mlango, lakini mtafiti asiye na ufadhili akabaki na matokeo ambayo hana uwezo wa kuyachapisha humo. Msamaha wa ada hiyo upo katika majarida kadhaa, ila mara nyingi mwandishi hulazimika kuuomba na kueleza uhaba wake. Ningependa utolewe moja kwa moja, kabla hajauliza.