Beyer, Peacock: uzine ya Manchester yenye ilivuta shaba ya Katanga mpaka ku bahari

Siku hizi hapa Lubumbashi ukikaa na bantu ya mambo ya mines, chai haitapoa mbele hujasikia jina ya Lobito, bandari ya Angola. Koridori huku, koridori kule, mikataba inasainiwa, na bijana bengi banaona kama ile njia iliota jana. Reli ya Benguela, ile yenye inatoka Lobito, iliungana na ya kwetu mu 1931, ku Dilolo, ku mupaka, na kuanzia ile mwaka shaba iliweza kutoka Tenke na kushuka moja kwa moja mpaka ku bahari ya Atlantiki, bila kuzunguka Rhodesia mpaka Beira. Bantu banataja sana Robert Williams, ule Mskoti mwenye alipata ruhusa ya kujenga ile reli mu 1902, lakini karibu hakuna mwenye anauliza swali yenye mimi ninaipenda kuliko zote: ni mashini gani ilikuwa inavuta? Juu reli peke yake haivute kitu.

Upande ya Angola, kazi nzito ilikuwa ya lokomotivi zenye banaita Garratt, na zilitoka fasi moja: uzine ya Beyer, Peacock and Company, kule Gorton, mu muji ya Manchester, Uingereza. Papa moja wa Katuba mwenye alitumika miaka mingi ku reli, na mwenye alipitaka sana ku Dilolo, aliniambia kama mashini ya Angola ulikuwa unaijua kwa harufu mbele ya kuiona. Zilikuwa zinachoma eucalyptus. Kampuni ya Benguela ilipanda misitu mizima ya eucalyptus pembeni ya reli, juu makala ya mawe ilikuwa mbali na bei yake kali, njo mashini ikifika na kuni zinawaka ndani, ile moshi inaingia mu nguo na inabaki mule mpaka kesho yake. Papa anasema shofere ya ile mashini, ule mwenye kutupa kuni mu moto, hakuwa na saa ya kupumzika, kuni inaisha mbio, unatupa tena, unatupa tena, na uso yote inageuka rangi ya jivu.

Sasa ile uzine. Ilianzishwa mu 1854 na bantu babili benye habakufanana hata kidogo. Charles Beyer alikuwa Mujerumani, alizaliwa Plauen mu Saxony mu 1813, mutoto ya mufuma nguo, familia bila pesa, lakini mukono yake ilijua kuchora. Alifika Manchester mu miaka ya 1830, akaingia kwa Sharp, Roberts kama muchoraji tu, akapanda mpaka akakuwa enjenieri mukubwa wa kutengeneza lokomotivi. Richard Peacock yeye alikuwa Muingereza wa Yorkshire, mutu wa atelie, mikono mu mafuta tangu utoto. Alikuwa na miaka 18 tu wakati balimupa kuangalia mashini zote za reli ya Leeds na Selby. Mmoja anachora, mwingine anajua mashini inavunjika wapi na sababu gani. Pesa zilikuwa hazitoshe, Henry Robertson, Mskoti wa mambo ya reli, akaingia mu biashara pamoja nabo. Balichagua Gorton juu kiwanja ilikuwapo na reli ilikuwa inapita pale pale, na Peacock alikuwa anaijua ile fasi vizuri kabisa, alitumika jirani pale miaka mingi ku atelie ya reli.

Lokomotivi ya kwanza ilitoka mu 1855, ya Great Western Railway. Ukiangalia picha za mashini za Beyer utaona kitu: ziko safi. Hakuna bomba inaning'inia bila sababu, mistari ya chuma inafuatana, yule mutu alikuwa anaona kama mashini mubaya kwa macho itakuwa mubaya kwa kazi pia. Mu 1864 balitengenezea Metropolitan ya London, reli ya kwanza ya chini ya udongo mu dunia, lokomotivi zenye zilikuwa zinarudisha mvuke ndani ya matanki ya maji kusudi bantu basikufe na moshi na mvuke mule mu shimo. Namba 23 ya ile kundi balichunga, iko mu mizé ya London mpaka leo. Beyer alikufa mu 1876 bila mutoto, na sehemu kubwa ya mali yake ilienda ku shule ya Owens College, yenye kisha ilikuwa université ya Manchester. Peacock aliingia mu bunge mu 1885, alikufa mu 1889. Hapo uzine ilikuwa tayari na jina, inauzisha ku inchi mingi, lakini ingebaki paka hivyo, uzine muzuri kati ya mauzine mazuri ya Uingereza, kama haingebisha mulango Herbert William Garratt.

Hapa njo roho yangu inasimama.

Garratt alizaliwa London mu 1864, na hakubakia kule. Alitumika ku reli za Argentina, Cuba, Lagos, Peru, Australia. Angalia ile liste: zote ni inchi fasi reli ilijengwa na pesa kidogo, chuma mwepesi, madaraja mwepesi, kona kali, milima. Aliona shida yenye bantu ya Ulaya habakuiona juu kwabo reli ilikuwa nzito na yenye kunyoroka. Shida iko hivi: ukitaka nguvu, unaomba shodieri kubwa (ile tanki fasi maji inageuka mvuke), shodieri kubwa inaleta uzito, uzito mingi juu ya reli mwepesi, reli inapinda ao daraja inavunjika. Ukiongeza magurudumu ili ugawanye uzito, mashini inakuwa mrefu na mu kona haipite. Sasa utafanya nini, utavunja reli yote ujenge ingine? Na pesa ya nani?

Yeye alikata mashini. Shodieri aliiweka katikati, yenyewe peke yake, bila gurudumu hata moja chini yake, na akaishikisha juu ya magari mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na silinda zake, magurudumu yake na tanki yake. Ni kama banaume babili benye banabeba muzigo ku muti juu ya mabega: kila mmoja anakanyaga fasi yake, njia ikipinda banapinda, na muzigo inabaki katikati. Uzito inagawanyika juu ya reli murefu, daraja inapumua. Na juu chini ya shodieri hakuna magurudumu, unaweza kuifanya nene na fupi, na fasi ya moto unaipanua vile unataka, kwenda chini na pembeni. Njo sababu ilifaa Benguela vile: kuni haina moto kama makala ya mawe, inaomba fasi kubwa ya kuwakia, na Garratt ilikuwa nayo. Tena mashini inaenda mbele na nyuma sawasawa, haina lazima ya kuigeuza mwisho ya njia.

Aliomba breve (karatasi ya kulinda wazo yake) mu 1907, na Beyer, Peacock njo balikubali kujaribu. Mbili za kwanza, K1 na K2, zilienda Tasmania mu 1909, ku kareli kadogo ka upana ya milimita 610 ka kule mu mines. Balijifunza kwa ile: silinda za nyuma zilikuwa karibu sana na fasi masinisti anasimama, na joto ilikuwa inamupikia miguu, njo ku zingine zenye zilifuata baligeuza silinda ziende ku mwisho, mbali na bantu. Garratt mwenyewe alikufa mu 1913, na miaka 49 tu. Hakuona yote yenye bintu yake ilienda kufanya Afrika, na hiyo inaniumiza kila mara ninafikiria.

Juu Afrika njo ilikuwa fasi yake. Lokomotivi karibu 8,000 zilitoka Gorton tangu mwanzo mpaka mwisho, na kati yake Garratt zaidi ya 1,000, na mingi sana zilikuya huku kwetu, Afrika Kusini, Rhodesia, Angola, Kenya na Uganda. Rhodesia balianza kuzitumia mu 1926, kwa hivi hata njia ingine ya shaba yetu, ile ya kusini yenye ilileta treni ya kwanza Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mu 1910, yenye inatoka Sakania inapita ku daraja ya Victoria Falls, nayo kisha ilivutwa na Garratt za Gorton. Unaona sasa? Shaba ikienda magaribi, Beyer, Peacock. Ikienda kusini, Beyer, Peacock. Na bazungu ya Ubelgiji nabo balinunua haki ya kuzijenga, uzine ya Saint-Léonard ya Liège ilitengeneza Garratt, zingine zilitumika hapa hapa Congo, kule Mayumbe.

Zenye zilikuwa kubwa kuliko zote mu Afrika ya mashariki ni zile za class 59, za East African Railways, 34 zilitengenezwa mu 1955 na 1956. Tani 252 juu ya reli ya metre moja tu upana! Zilikuwa zinatoka Mombasa, ku usawa ya bahari, zinapanda mpaka Nairobi na muzigo ya tani 1,200. Balizipa majina ya milima: Kilimanjaro, Ruwenzori, Muhavura, kwa hivi bandugu ya Goma, mulima moja wa ile safu yenu ya Virunga aliandikwaka juu ya chuma ya Manchester.

Nitasema pia ubaya yake, juu iko. Maji na makala vinakaa juu ya yale magurudumu yenye kuvuta. Njiani maji inaisha, makala inaisha, uzito inapunguka, na mashini inaanza kuteleza, pengine paka pale mulima ulikuwa mukali. Na zile bomba zenye kupeleka mvuke ku magari mbili lazima zipinde pamoja na mashini, basi zile joint zilikuwa zinaomba bantu benye kuziangalia kila siku. Mashini mbili za kuchunga chini ya shodieri moja. Atelie isiyo na nidhamu haikuwa na maana ya kununua Garratt.

Kisha mafuta ikakuya. Miaka ya 1950 kila reli ilianza kuacha mvuke. Kwetu hapa BCK, kampuni ya reli ya Katanga, ilikuwa imepita hata mbele, mu 1952 balianza kupitisha umeme ku njia ya Jadotville (Likasi ya leo) mpaka Tenke, juu maji ya kuzungusha mashini za umeme ilikuwapo mu Katanga. Gorton balitoa lokomotivi yabo ya mwisho ya mvuke mu 1958, Garratt, ya reli kadogo ka milimita 610 huku kusini mwa Afrika. Mwanzo na mwisho ya ile hadisi ya Garratt ku Gorton ni upana moja ya reli.

Balijaribu dizeli. Lakini balichagua aina ya dizeli yenye nguvu yake inapita mu mafuta, haipite mu umeme, balijenga 101 zenye baliita Hymek, kati ya 1961 na 1964, zote za reli ya serikali ya Uingereza, upande ya magaribi. Ile serikali ikageuza mawazo, ikaamua kubakia na dizeli ya umeme tu. Komande hakuna tena. Mu 1966 Beyer, Peacock ikafunga mulango, kisha ya miaka 112. Mimi naona hapo njo bapotea: miaka hamsini yote nguvu yabo ilitoka ku kusikiliza reli za mbali, moja inataka kuni, ingine makala, ingine kona kali, na wakati ya mwisho baliweka bintu byote kwa mununuzi moja, tena wa nyumbani kwabo. Sijui kama reli za Afrika zingebaokoa, lakini balikuwa banajua hizi njia kuliko mutu yeyote.

Mashini zenyewe hazikufuata uzine ku kaburi. Za Benguela zilikuwa zingali zinachoma eucalyptus wakati vita ya Angola ilikata njia mu 1975. Zimbabwe, miaka ya 1980 inaanza, mafuta ilikuwa shida na makala ya Hwange ilikuwa mingi, balizitengeneza upya na zikarudi mu kazi, hiyo wakati uzine yenye ilizizaa ilikuwa imekufa zaidi ya miaka kumi. K1 ile ya Tasmania balirudisha Uingereza mu 1947 na iko muzima. Ukifika Manchester, ku mizé yabo ya sayansi kuko Garratt kubwa moja ya Afrika Kusini, class GL. Lakini hakuna lazima ya viza ya Ulaya: Nairobi, ku mizé ya reli pembeni ya gare, kuko mbili za class 59, unaweza kusimama karibu na gurudumu na kuweka mukono, na Bulawayo pia ziko. Kama unaenda Nairobi kwa biashara, toa saa moja uende. Na wewe mwenye papa ao kambo yake alitumika Dilolo, Tenke ao Sakania, muulize hii weekend alipanda mashini gani, uandike majibu yake, namba ya mashini, jina ya masinisti, kila kitu. Ukikubali uniletee, nitaweka hapa na jina yake.