Kumbukumbu ya Nyenje: renja, shoka lenye laana na uzi wa inchi 18

Wiki ya kwanza

Nimeanza mhusika mpya kwenye mchezo wetu wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu. Anaitwa Nyenje, ni renja, yaani mwindaji wa porini anayefuata nyayo, na ni elfi wa msituni, kiumbe wa hadithi anayefanana na mtu, na nataka awe amelaaniwa kwelikweli. Nimeshacheza na wahusika ambao laana yao imeandikwa kwenye historia yao tu, ikisimuliwa siku ya kwanza basi, haijawahi kuwagharimu hata pigo moja. Ya Nyenje nataka iwe na namba, ikae kwenye karatasi yake pamoja na uhai wake na idadi ya mishale.

Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, kwa kanuni za 2014. Sehemu kubwa ya kanuni hizo imekuwa wazi tangu Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, unapakua bure, na humo ndimo nilimolikuta shoka linaloitwa Berserker Axe. Mezani kwetu tunaliita Shoka la Wazimu.

Lina mema yake: linaongeza 1 kwenye kulenga na kwenye madhara, na kila ngazi unayopanda linakuongezea pointi moja ya uhai. Kisha inakuja bei. Ukishafungamana nalo huliachi. Ukishika silaha nyingine yoyote unarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba ndogo (sisi tunasema kurusha kwa hasara), isipokuwa kama hakuna adui unayemwona au kumsikia ndani ya futi 60. Na kila adui anapokuumiza, unarusha dadu ya kujiokoa kwa Hekima, yaani ile ile ya pande 20 pamoja na nyongeza ya Hekima yako. Usipofikisha 15 unapandwa na wazimu, na lazima umpige kwa shoka kiumbe aliye karibu nawe kuliko wote, awe adui au rafiki.

Ile sentensi ya futi 60 niliirudia mara nne. Upinde mrefu unafika futi 150 bila tabu yoyote. Kumbe laana hii ina mpaka, na renja anaishi kwa kupima masafa.

Namba za mwanzo za uwezo wake tulitumia zile za kawaida. Wepesi 15, na elfi wa msituni anaongezewa 2, ikawa 17. Hekima 14, naye anaongezewa 1, ikawa 15. Nguvu 13, Ustahimilivu 12, zilizobaki hazina habari.

Msimamizi wetu, yule anayeendesha mchezo, alikubali shoka hilo mapema kwa sharti moja, nami nililipenda: laana iwe na mwenyewe. Laana haiokotwi njiani. Kuna aliyeitoa, na alikuwa na haki ya kuitoa. Basi shoka ni la mzee aliyemlea Nyenje na kumfundisha kufuata nyayo. Usiku mmoja Nyenje aliacha zamu yake, na asubuhi mzee akakutwa amekufa, shoka mkononi.

Wiki ya tatu

Jumamosi mbaya. Tulikuwa ngazi ya pili, ndani ya korongo jembamba, mimi na mchawi wetu, mhusika wa mchezaji mwenzangu, tumebanana nyuma ya jiwe moja. Mshale wa goblini, zimwi dogo, ukanipata. Nikarusha dadu: 9, na Hekima yangu ya 15 inaongeza 2 tu kwenye dadu, jumla 11. Wazimu. Aliyekuwa karibu kuliko wote ni mchawi, na alikuwa amebakiwa na uhai 7. Pigo moja akaanguka.

"Kaka, umenikata mwenyewe?" ndicho alichoniuliza, na meza nzima ikanyamaza. Kasisi wa kundi letu alimwahi, hakufa. Lakini nilirudi nyumbani roho ikiniuma, kwa sababu kosa lilikuwa langu mimi mchezaji: nilijua kanuni, nikamwacha mwenzangu asimame pale. Nafasi yangu ya kujiokoa ilikuwa asilimia 40 tu. Mtu mwenye namba hiyo habanani na mchawi nyuma ya jiwe.

Wiki ya nne

Ngazi ya tatu, renja anachagua njia. Tangu utotoni napenda wanyama na nilikuwa nimepanga kuchukua njia ya Beast Master, ile ya renja na mnyama wake. Nimeiacha. Mnyama anayetembea kando yako ndiye atakuwa kiumbe wa karibu kila wazimu ukipanda, na sitaki kumpiga shoka mbwa mwitu wangu.

Nimechukua Gloom Stalker, iliyotoka kwenye kitabu cha nyongeza cha 2017. Haimo kwenye zile kanuni za bure, rafiki ameniazima kitabu. Renja wa njia hii akiwa gizani haonekani na kiumbe yeyote anayetegemea macho ya gizani ili kumwona. Na kwa kuwa elfi tayari anaona gizani futi 60, njia hii inamwongezea 30, zinakuwa 90.

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Asiyeonekana anapiga kwa faida, yaani dadu mbili anachukua kubwa. Faida na hasara zikikutana zinafutana. Kwa hiyo gizani, hata adui akiingia ndani ya futi 60, upinde wangu unarudi kuwa upinde wa kawaida. Na kati ya futi 60 na 90 kuna ukanda wa futi 30 ambao hasara ya laana hainigusi na bado naona: pale napiga kwa faida kamili. Uchawi wa Hunter's Mark, tunaouita Alama ya Mwindaji, nao unafika futi 90 hizo hizo.

Ila ukanda huo ni mgumu kuushikilia. Kanuni haimsemi adui unayemlenga, inasema adui yeyote. Goblini mmoja akijipenyeza pembeni, hasara imerudi.

Mkeka wetu wa mchezo ni karatasi ya manila iliyopigwa mistari ya inchi moja, na kila mraba ni futi 5. Nimekata uzi wa kushonea wa inchi 18, nikafunga fundo kwenye inchi ya 12, ncha moja nikaigundisha chini ya kifuniko cha soda ambacho ndicho Nyenje. Fundo ni futi 60, mwisho wa uzi ni futi 90. Kabla sijasogea, nauzungusha uzi mezani. Inachukua sekunde tano na hakuna tena kubishana.

Wiki ya sita

Ngazi ya nne. Wepesi umekuwa 18 na Hekima 16. Nafasi ya kushinda wazimu imepanda hadi asilimia 45.

Nilikaa na kalamu nikitaka kujua kama inafaa kuongeza Nguvu ili shoka lenyewe liwe silaha. Nikachukua adui mwenye kinga 14, yaani namba ambayo dadu na nyongeza lazima zifikishe ili pigo limpate. Kwa upinde naongeza 8 kwenye dadu, zikiwemo 2 za mtindo wa upigaji mishale: napata asilimia 75. Kwa shoka naongeza 4 tu: asilimia 55. Na upinde ukipigwa kwa hasara? Asilimia 75 ya 75, yaani 56 na kidogo. Niliihesabu tena nikidhani nimekosea. Upinde uliolaaniwa ni sawa na shoka, na kila mshale ukipata unaumiza zaidi. Tena hasara hazijumlishwi: mpiga upinde akisogelewa na adui hadi puani hurusha kwa hasara, lakini mimi nilishakuwa nayo, sipotezi kitu kingine. Nguvu imebaki 13, sitaigusa.

Shida iliyobaki ni mwenge. Mchawi na askari wetu ni binadamu, hawaoni gizani, na mwenge unatoa mwanga mkali futi 20 na hafifu futi 20 nyingine. Nikiwa ndani ya futi 40 hizo, giza langu limekwisha. Tumekubaliana mwenge utangulie na mimi nibaki nyuma mbali, miraba tisa au zaidi. Wao wanammulika adui, mimi nampiga kutoka gizani. Na wazimu ukipanda, hakuna mchawi kando yangu.

Ikibidi mtu awe karibu, awe askari. Deraya na ngao vinampa kinga 18, na shoka langu linampata asilimia 35 tu. Amekubali mwenyewe, na nilimshukuru mbele ya wote.

Wiki ya tisa

Ngazi ya tano, mapigo mawili kwa zamu. Hilo lina ubaya wake, kwa sababu mwenye wazimu naye anapiga mara mbili.

Kwa hiyo tulifanyia mazoezi namna ya kunituliza. Kanuni inasema wazimu unaisha pale zamu yangu inapoanza na hakuna kiumbe ninayemwona wala kumsikia ndani ya futi 60. Haisemi wasiwepo. Kasisi anaweka Silence juu yangu, uchawi wa kimya, nami nakuwa kiziwi. Mchawi anaongeza Fog Cloud, ukungu mzito, nami sioni. Inabidi wawe wawili kwa sababu kila uchawi kati ya hiyo unadai umakini wa aliyeutoa, mtu mmoja hawezi kushikilia miwili kwa pamoja, na mimi mwenyewe siwezi kusaidia, tendo langu limeshikwa na shoka. Jumamosi iliyopita tuliijaribu vitani kwa mara ya kwanza. Zamu yangu ilipoanza, msimamizi alisoma kanuni kwa sauti, akatulia, akasema: "Nyenje amerudi." Mchawi ndiye aliyepiga makofi wa kwanza, yule yule niliyemwangusha.

Nimeanza kuangalia ngazi ya saba. Hapo njia yangu inanipa ustadi wa kujiokoa kwa Hekima, nitakuwa naongeza 6, asilimia 60.

Lakini huenda tusifike huko na shoka. Kasisi naye yuko ngazi ya tano, na sasa anaweza kuandaa Remove Curse, uchawi unaokata kifungo kati ya mtu na kitu chenye laana. Aliniuliza kama autoe Jumamosi ijayo. Ningeweza kujibu kama mchezaji, kwamba uhai tano za ziada hazitoshi kulipia hatari hii. Nyenje hawezi kujibu hivyo, kanuni yenyewe inasema hayuko tayari kuliachia. Nimemwomba kasisi asubiri tufike kwenye kaburi la mzee, Nyenje aombe radhi kwanza, kisha uchawi ufuate. Maneno ya kuomba radhi nayaandika mimi. Nimefika mstari wa pili.